Mshale wa Kipande cha Thelathini na Moja

Hebu mwone anavyoingia kazini. Ni saa mbili kasoro asubuhi, jua limeshaanza kuchoma mabati, na mlinzi wa geti amefungua vifungo viwili vya shati huku akijipepea kwa daftari la wageni. Katikati ya joto hilo anakuja mwanamume mfupi, mvi zake za pembeni tu, kabeba begani koti zito lenye manyoya shingoni. Mifukoni zimechomoza glovu mbili nene kama mikate. Kila siku mlinzi humuuliza kama leo theluji itanyesha. Naye kila siku hujibu kwamba imeshanyesha, ila wameifungia ndani.

Jina lake halisi liko kwenye karatasi za ajira, lakini ukilitaja pale getini utaambiwa hakuna mtu kama huyo. Wote wanamwita Koti.

Ukipita ofisi zenye feni, ukapita na maabara yenye mashine zinazonong'ona, mwisho wa ukumbi utakuta mlango wa chuma mnene kama godoro. Nyuma yake kuna chumba kidogo cha kuuzoesha mwili, chenye makoti kwenye misumari na ubao wa kuandika nani kaingia na saa ngapi. Halafu mlango wa pili. Huko ndiko kwenye rafu zake, na kipimajoto husoma nyuzi thelathini chini ya sifuri. Sheria ni kwamba hakuna anayeingia peke yake kwa zaidi ya dakika ishirini. Wageni huambiwa ukilia humo ndani, machozi yatahitaji nyundo. Ni kutia chumvi, lakini si chumvi nyingi.

Kwenye rafu hizo imelala miche ya barafu themanini na tisa, mfano wa miche ya sabuni lakini mirefu kama mkono wa mtu mzima na minene kama paja la mtoto. Yote ilichimbwa katika shimo moja, mmoja chini ya mwingine, kileleni mwa mlima mmoja, mlima wa nchi yenye joto, mrefu kiasi kwamba juu yake theluji ilikuwa haiyeyuki. Barafu ya mlimani haigandi mara moja kama ile ya friji. Ni theluji ya mwaka huu iliyolalia theluji ya mwaka jana, iliyolalia ya mwaka juzi, hadi ile ya chini inashindiliwa na kuwa ngumu kama jiwe. Koti huwaeleza wageni kwa mfano wa kabati la shuka: ya juu ndiyo iliyopigwa pasi juzi, na ile ya chini kabisa hata mwenye nyumba hakumbuki aliletewa na nani. Kila kiangazi upepo hupandisha vumbi, likatua juu ya theluji, likafunikwa. Mwaka wa mvua nzuri mstari wa vumbi huwa mwembamba kama uzi. Mwaka wa ukame huwa mnene, wa kahawia. Ndani yake mna viputo vya hewa ya kale, na hata maji yenyewe hutofautiana uzito kidogo sana, wa kupimwa na mashine tu, kufuatana na hali ya hewa ya siku ile yalipoanguka. Ukiusoma mche kutoka chini kwenda juu, unasoma miaka.

Kutoka chini kwenda juu. Yashike maneno hayo manne, maana ndipo ilipolala shida ya Koti.

Miaka ishirini na miwili iliyopita alikuwa mpagazi. Alipandisha mlimani mizigo ya kundi la watafiti lililoongozwa na mwanamke kijana, mwembamba, asiyejua kuchoka, ambaye leo kila mtu pale kazini anamwita Daktari. Siku ya kwanza kule juu Daktari alimwona Koti akiandika majina ya wapagazi kwenye magunia. Herufi zake zilikuwa zimesimama wima, kila moja na nafasi yake, kwa kuwa baba yake aliandika mabango ya maduka na alimfundisha mwanawe kwa fimbo. Pale pale akapewa kazi mpya na kalamu ya wino usiofutika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mche ukitoka kwenye keekee, ile mashine ya kutoboa barafu, unalazwa kwenye sinia la bati, ncha ya juu ikiwa kushoto. Koti anauingiza kwenye mfuko wa plastiki, anaandika namba, anachora mshale unaoelekea juu. Daktari alimwambia jambo moja tu, tena kwa utani: kipande kisicho na mshale ni barafu ya kutia kwenye juisi.

Siku ya tatu, mwenye keekee alianza kutapika kwa ugonjwa wa kimo, ule wa kukosa hewa kileleni, na Daktari akamkokota hadi hemani. Kwenye sinia palikuwa na kipande cha thelathini na moja, na kando yake Koti, vidole vimekufa ganzi hata hajui kama ameshika au hajashika. Akakiinua. Kikamponyoka, kikateleza kwenye theluji, kikapinduka, kikapinduka tena, kikagota kwenye dumu la mafuta. Alipokifikia moyo ulikuwa unamdunda kuliko wakati wa kupanda. Kilikuwa kizima. Akakipangusa kwa mkono wa shati na kukirudisha kwenye sinia, kisha akasimama pale akikitazama. Ncha hii nyeupe, imevunjika ovyo. Na ncha ile nyeupe, imevunjika ovyo.

Hemani mtu alikuwa akikohoa. Koti akajiambia kwamba kimekaa kama kilivyokuwa, akachora mshale, mzuri, ulionyooka. Daktari aliporudi akauliza kama thelathini na moja iko tayari. Akajibu, "Tayari." Neno moja tu, basi.

Chumba cha baridi kilipojengwa, Daktari aliagiza atafutwe yule mwenye mwandiko. Koti akaja, akajifunza mitambo kwa fundi mzee wa majokofu, akafika mahali pa kusikia kompresa, moyo wa mtambo wa baridi, ikianza kukabwa hata akiwa nje anakunywa chai. Kwa miaka yote hiyo hakuna kipande kilichotoka jasho mikononi mwake. Umeme ukikatika, jenereta lilikuwa linanguruma kabla mkurugenzi hajamaliza kulalamika. Akaoa, akapata mabinti wawili, akajenga nyumba ya vyumba vitatu. Mke wake, fundi cherehani, huwaambia wateja kwamba yeye ana mke mwenza, mnene, mweupe, na anakula umeme. Kila wageni wakifika kuangalia rafu, Daktari humshika Koti bega na kusema, "Huyu ndiye mwandiko wetu. Hajawahi kukosea." Wageni hucheka. Koti naye hucheka, kisha huangalia kipimajoto hata kama alikiangalia sasa hivi.

Basi tuje Jumanne ya wiki tunayoisimulia. Ilikuwa saa ya chai, kwenye benchi la nje chini ya dirisha la maabara. Aliyeketi naye alikuwa mtafiti kijana anayeitwa Miwani, kwa sababu ya miwani yake mikubwa inayomshuka puani kila akicheka. Miaka minne alikuwa akifanya kazi ya vipande vya katikati, kumi na vitano hivi, na siku hiyo furaha ilimjaa hadi chai ikamwagika kwenye sahani. Amemaliza. Ameupata ukame mkubwa wa kale, wote mzima, ndani ya kipande kimoja. Akamweleza jinsi ulivyokaa: chini, barafu safi; ghafla, vumbi zito kupita lote alilowahi kuona, kisha vumbi likipungua kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka barafu safi tena.

"Ulikuja kama mtu anayefunga mlango, Baba Koti," akasema. "Mwaka huu mvua, mwaka unaofuata hakuna kitu. Ukaondoka kwa kusuasua, miaka kama kumi na mitano. Unajua maana yake? Maana yake ukame wa namna hii hautoi taarifa."

Wenye mamlaka ya maji walikuwa wameshaomba nakala, maana walitaka kujua kama kuna haja ya kuweka watu wa kutazama dalili, au fedha zote ziende kwenye mabwawa. Makala ingetumwa Ijumaa, Daktari akishatia sahihi.

Koti akauliza, kama anayeuliza bei ya chumvi, ni kipande namba ngapi.

"Thelathini na moja."

Koti akaimwaga chai yake chini, akarudi kazini.

Siku iliyobaki aliandika nyuzi joto kwenye kitabu mara mbili mahali pamoja. Kisha akageuza ukurasa, akachora kwa penseli kile alichoelezwa: safi, giza la ghafla, giza linalofifia, safi. Akakizungusha kitabu juu chini, akausoma tena ukame ule. Sasa ulikuja taratibu, vumbi likiongezeka kidogo kila mwaka kwa miaka kumi na mitano, na ndipo likakatika kwa mara moja. Yaani, kama mshale wake ulikuwa umepinduka, watu wa zama zile walipewa taarifa kila kiangazi kwa miaka kumi na mitano.

Hakuna ambaye angejua. Ncha zote mbili za kipande kile zilikuwa barafu safi isiyo na vumbi, kwa hiyo kwa mistari ya vumbi jirani zake, cha thelathini na cha thelathini na mbili, hawakuweza kumsuta. Tena huenda mshale ulikuwa sawa, kwani kati ya njia mbili alikuwa amepatia au amekosea, nusu kwa nusu. Kustaafu kulikuwa kumebaki miaka mitatu. Jambo lililomsumbua halikuwa kufukuzwa. Alikuwa akiusikia mkono wa Daktari begani, na ile sentensi yake.

Jumatano jioni, taa ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, alimkuta mke wake akifumua mkono wa gauni uliowekwa kinyume. Akavuta kigoda, akakaa, akamweleza yote, tangu keekee hadi chai ya Jumanne. Mama hakusimamisha mikono. Alifumua mpaka uzi ukaisha, akauviringa kidoleni.

"Ulijua siku zote kwamba umekosea?"

"Nilijua kwamba sijui."

"Kumbe," akasema mama. "Miaka yote ukikaa kimya usoni pamekunjamana, nilidhani unaniwaza mimi. Nikawa najipaka mafuta. Kumbe kipande cha barafu."

Koti akacheka bila kutaka, na kicheko kikafungua kitu, kwa sababu macho yakamlowa. Mama akaukung'uta ule mkono wa gauni, akautandaza mezani upande wake sawa.

"Sikia, baba watoto. Mimi nikikata shingo vibaya na nguo bado iko hapa mezani, hilo ni kosa la mkasi. Mteja akishatoka nayo mlangoni, hilo ni langu. Wewe umesema wanatuma lini?"

"Ijumaa."

"Basi bado iko mezani."

Alhamisi asubuhi Koti aliingia ofisini kwa Daktari akiwa amevaa koti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Daktari akainua macho kutoka kwenye makala, akamtania kama mtambo umekufa au ni yeye anayekufa. Koti hakukaa. Aliyasema yote akiwa amesimama, akiangalia mguu wa meza, na hakujitetea kwa ganzi wala kwa kimo cha mlima. Aliyataja tu kwa kuwa yalikuwepo. Alipomaliza, Daktari alivua miwani na kuiweka juu ya karatasi. Akauliza ni kipande gani, ingawa alikuwa ameshaambiwa mara tatu. Halafu akamwita Miwani.

Miwani alisikiliza huku akishika mgongo wa kiti. Rangi ilimtoka usoni kama nguo iliyozidishiwa dawa ya madoa.

"Baba Koti, tumekaa benchi moja Jumanne. Ungeniambia Jumanne."

"Ningesema miaka ishirini na miwili iliyopita, mwanangu."

"Miaka ishirini na miwili iliyopita nilikuwa chekechea," akasema Miwani.

Koti ndiye aliyetoa njia, kwa kuwa ndiye aliyevijua vipande kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Vingi, alisema, vilikatwa ncha kwa msumeno ili viingie kwenye mirija ya kuhifadhia. Lakini cha thelathini, cha thelathini na moja na cha thelathini na mbili vilikuwa vifupi, havikuguswa ncha. Na kwa kupima walikata ukanda mwembamba tu wa barafu ubavuni. Shina lote lipo. Barafu ikivunjika ardhini, huvunjika kama sahani: pengo la huku lina jino lake kule. Vikutanishwe, vitajisemea vyenyewe.

Wakavaa. Wakaandika majina kwenye ubao, watatu, saa tatu na dakika kumi. Humo ndani pumzi zao zilitoka kama moshi, na mtambo ukawa unavuma juu ya vichwa vyao. Koti akatandika sponji kwenye meza, akalaza cha thelathini, na chini yake, mshale ukielekea juu kama alivyouchora, cha thelathini na moja. Akakisogeza. Akakizungusha taratibu, robo kwa robo, mzunguko mzima. Kila mahali palibaki uwazi wa kupitisha kidole, na Miwani akaupitisha kidole chake chenye glovu, akakitoa, akakipitisha tena.

"Geuza," akasema Daktari.

Koti akakigeuza. Safari hii alikishika kwa mikono miwili, viganja vimekibana kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akakisogeza, akakizungusha, na kabla ya nusu ya mzunguko kikaingia. Kilitoa mlio mdogo, tk, kama kifuniko kinapoipata sufuria yake. Wakajaribu upande wa cha thelathini na mbili. Huko nako, tk.

Dakika ishirini zilikuwa hazijafika, lakini Daktari alifungua mlango akatoka.

Katika chumba kidogo, huku barafu ikiwayeyukia kwenye kope, Miwani ndiye aliyezungumza kwanza, na hakuzungumza na mtu. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini: miaka kumi na mitano kabla. Vumbi kidogo, likazidi, likazidi. Kumbe ulitoa taarifa, akasema, kumbe ulipiga hodi miaka kumi na mitano. Akafuta miwani kwa ncha ya shati, akasema atalazimika kuandika upya kuanzia kichwa cha makala, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepoteza kitu na kuokota kikubwa zaidi katika njia ile ile, hajui bado alie kwa kipi.

Daktari alikuwa ameketi kwenye benchi, glovu bado mikononi.

"Na vingine?" akauliza.

Koti alilitarajia swali hilo tangu jana.

"Vingine nina hakika navyo, Daktari. Vyote themanini na vinane. Kingeniponyoka kingine, leo ningekuwa na viwili vya kukuambia."

Daktari akatikisa kichwa polepole, na haikujulikana kama ni kukubali au ni kuhesabu. Alikuwa anahesabu. Vipande ambavyo ncha zake hazikukatwa vyaweza kukutanishwa kama hivi. Ni kazi ya mwezi mmoja kwenye baridi, na itafanywa. Lakini vilivyokatwa msumeno ni sitini na kimoja. Hivyo havina jino wala pengo. Na kule mlimani hakuna pa kurudi kuchimba: mwaka jana Miwani alipanda hadi pale pale palipokuwa na keekee, akakuta mwamba mtupu na dimbwi lisilofunika hata viatu. Kwa vipande hivyo sitini na kimoja, kitu pekee kinachosema juu ni wapi ni mshale wa Koti.

"Mimi namwamini," akasema Miwani, bila kuulizwa. "Angenyamaza, nani angejua?"

Daktari alinyoosha mkono kwenye rafu ndogo ya ukutani, akatoa mfuko mpya wa plastiki na kalamu ya wino usiofutika, akampa Koti vyote viwili. Koti akavua glovu. Akaandika thelathini na moja, herufi na tarakimu zikasimama wima kama alivyofundishwa na baba yake, na chini yake akachora mshale, akiuangalia tangu mkia hadi ncha. Akaupuliza ukauke. Kisha wote watatu wakaugeukia ule mlango wa pili ambao nyuma yake kipande cha thelathini na tatu, kilichokatwa msumeno ncha zote mbili, kilikuwa kimelala kwenye mrija wake kikielekea upande ambao mtu mmoja alisema ndio juu.

Kesho ni Ijumaa, makala ya Miwani imejengwa juu ya mishale ya namna hiyo pia, na sahihi ni ya Daktari. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kalamu ile nyingine, ya kutia sahihi, ungeuamini mshale wa thelathini na tatu?